Simu ikinyamaza, nani atapokea kijiti? Fahamu vituo vya redio vya kupokezana ujumbe

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Mwaka uliofuata, tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zinazoleta intaneti Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, zilikatika na mtandao ukazorota kwa siku kadhaa. Msimu huo huo wa masika, mafuriko yalikata barabara na madaraja katika kaunti nyingi za Kenya. Matukio hayo matatu yalikuwa na vyanzo tofauti, lakini yote yalimwachia mwananchi swali moja: simu yangu ikikosa mtandao, nitampataje mtu aliye ng'ambo ya mlima?

Jibu moja, ambalo limetumika duniani kwa zaidi ya miaka 40, ni kituo cha redio cha kupokezana ujumbe kinachoendeshwa na watu wa kujitolea. Kituo hicho hakihitaji mnara wa kampuni ya simu, hakihitaji intaneti, na kinaweza kutumia jua na betri moja kubwa.

Makala haya hayatangazi mradi wala zabuni. Yanamweleza mkaazi, shule au kikundi kinachofikiria jambo hili kituo ni nini, kinafanya kazi vipi katika ardhi yetu yenye milima na mabonde, sheria inasema nini, na gharama yake halisi iko wapi. Tangu mwanzo ieleweke hivi: vifaa ndiyo sehemu rahisi. Kazi ngumu ni kupata watu watakaokitunza kituo mwaka baada ya mwaka.

REDIO YA RIDHAA NI NINI?

Neno "ridhaa" tumelizoea michezoni. Mwanandondi wa ridhaa hapigani kwa malipo. Vivyo hivyo, mwendeshaji wa redio ya ridhaa ni mtu mwenye leseni anayetumia redio kwa kujifunza, kufanya majaribio na kuwasiliana na wenzake bila kulipwa. Hauzi huduma, hatangazi biashara na hapigi muziki. Hapa ndipo redio hii inapotofautiana na vituo vya FM tunavyovisikiliza nyumbani.

Kila mwendeshaji hupewa jina la redio, yaani herufi na tarakimu zinazomtambulisha hewani. Majina ya Kenya huanza na 5Z4, na kabla ya uhuru yalianza na VQ4. Kenya pia ina nafasi katika mtandao wa kimataifa wa vituo 18 vya ishara, vinavyotuma kwa zamu katika mzunguko wa dakika tatu ili waendeshaji wajue masafa yapi yanasikika kutoka pembe gani ya dunia. Kituo cha Kenya katika mtandao huo kinaitwa 5Z4B. Kwa hiyo jambo hili si geni nchini, ingawa ni wachache wanaolifahamu.

PAKITI INAVYOSAFIRI

Redio nyingi tunazoziona, kama zile za walinzi na askari, hubeba sauti. Redio ya pakiti hubeba maandishi. Unaandika ujumbe kwenye kompyuta au simu. Kifaa kidogo kinachoitwa modemu hubadilisha herufi zako kuwa milio miwili, mmoja mzito na mwingine mwembamba, na redio huirusha milio hiyo hewani. Kwa anayesikiliza kwa sikio tu, ni mkwaruzo wa sekunde moja hivi. Upande wa pili, modemu nyingine huusikia mkwaruzo huo na kuurudisha kuwa maandishi.

Ujumbe hufungwa katika pakiti. Wakaazi wa Igembe wanaelewa jambo hili kuliko wengi, kwa kuwa kikapu cha miraa kinachotoka shambani kupitia Maua hadi Nairobi hupita mikono mingi, na kila mkono husoma alama, hukagua mzigo na kuupitisha mbele. Pakiti ya redio nayo ina alama: jina la redio la mtumaji, la mpokeaji, na njia itakayopitia. Mwishoni ina tarakimu za ukaguzi. Kituo kinachoipokea hupiga hesabu zake, na hesabu isipolingana na tarakimu hizo, pakiti hutupwa kwa sababu imeharibika njiani.

Kituo cha kupokezana hufanya kazi kama mkimbiaji wa katikati katika mbio za kupokezana vijiti. Kinasikiliza, kinapokea pakiti nzima, kinaikagua, kinaongeza alama kuonyesha kwamba imepita hapo, kisha kinairusha tena kwenye masafa yale yale. Alama hiyo huzuia pakiti kuzunguka hewani bila mwisho. Mtumaji naye hutaja idadi ya hatua anazotaka, na kwa kawaida mbili zinatosha. Anayetaja hatua nyingi kupita kiasi hujaza hewa na kuwanyima wengine nafasi.

Mfumo wa aina hii unaotumika sana unajulikana kwa herufi APRS, na mwanzilishi wake ni Mmarekani Bob Bruninga. Katika mfumo huo, ujumbe mmoja kwa mtu una kikomo cha herufi 67. Huenda ukadhani ni kidogo, lakini soma huu:

DARAJA LA MTO LIMEFURIKA. AMBULENSI IPITE NJIA YA JUU. WATU SALAMA

Hizo ni herufi 66 pamoja na nafasi. Anayeupokea ujumbe huo anajua nini kimetokea, afanye nini, na kwamba hakuna aliyeumia. Mashine yake hurudisha jibu fupi la kuthibitisha kwamba umefika. Jibu hilo lisiporudi, mashine ya mtumaji hujaribu tena.

KWA NINI MILIMA YETU NI MUHIMU

Mawimbi yanayotumika zaidi kwa kazi hii yako karibu na megahezi 144. Mawimbi hayo husafiri karibu kama macho yanavyoona: yanafika mbali pasipo na kizuizi, na mlima ukisimama mbele yanakwama. Watu wawili wenye redio za mkononi wakiwa uwanda tambarare huweza kusikilizana kwa takriban kilomita 10 kabla ya mviringo wa dunia kuwaficha. Lakini mmoja akiwa kilimani, mita 1,000 juu ya mwenzake, upeo huo unazidi kilomita 130. Kituo kidogo kilicho mahali pa juu kinaweza kuhudumia eneo pana kuliko redio kubwa iliyo bondeni.

Sasa tazama ramani yetu. Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, umesimama kati ya Timau na mji wa Embu. Mtu wa Timau hawezi kutuma ujumbe wa mawimbi haya moja kwa moja hadi Embu, hata akiwa na redio nzuri namna gani. Itambidi auzungushe mlima.

Kwa kufuata ramani, njia moja ingekuwa hivi. Ujumbe unatoka Timau kuelekea mashariki hadi kituo kilicho juu ya milima ya Nyambene. Kutoka hapo unavuka nyanda za chini za Tharaka kuelekea kusini, takriban kilomita 90, hadi kilima cha Kiang'ombe kilichoko Mbeere Kaskazini, chenye urefu wa karibu mita 1,800. Kutoka Kiang'ombe unateremka magharibi hadi mji wa Embu. Hatua mbili za kupokezana, na mlima umezungukwa kwa sekunde chache.

Huu ni mfano wa ramani tu. Kabla ya mtu yeyote kununua hata nati moja, njia kama hiyo hupimwa kwa kupanda na redio ndogo hadi juu na kujaribu, kwa sababu kilima kidogo kisichoonekana kwenye ramani kinaweza kuziba njia. Lakini mfano huu unaonyesha mambo mawili. Kwanza, Meru, Tharaka Nithi na Embu zinahitajiana: hakuna kaunti kati ya hizi tatu inayoweza kuuzunguka mlima peke yake. Pili, wakaazi wa nyanda za chini, kuanzia mipakani mwa Mbuga ya Kitaifa ya Meru hadi Ishiara na Kiritiri, ndio wangefaidika zaidi, kwani kwao vituo vya afya viko mbali na mito hufurika ghafla mvua ikinyesha mlimani.

KISICHOWEZEKANA

Ni vyema kusema wazi mipaka ya teknolojia hii, ili mtu asinunue ndoto.

Kwanza, ni ya polepole. Mwendo wa kawaida ni biti 1,200 kwa sekunde. Ujumbe mfupi hupita kwa sekunde moja hivi, lakini picha moja ya simu yenye megabaiti moja ingechukua karibu saa mbili, na kwa muda wote huo hakuna mwingine angeweza kutumia masafa hayo. Hapa hakuna video, hakuna WhatsApp na hakuna M-Pesa.

Pili, nafasi ni moja na watu ni wengi. Kila redio husikiliza kwanza kama hewa iko wazi ndipo itume. Lakini mtu wa Timau na mtu wa Mbeere hawasikiani, ingawa wote wanaweza kusikika Nyambene. Wote wawili wakidhani hewa iko wazi na kutuma kwa wakati mmoja, pakiti zao hugongana kilimani na zote mbili hupotea. Ndiyo maana mtandao wa aina hii hufaulu pale watumiaji wanapokuwa na nidhamu ya kusema machache.

Tatu, na hili ndilo muhimu zaidi kwa wahudumu wa afya na machifu: hakuna siri. Redio ya ridhaa ni ya wazi. Kanuni za kimataifa haziruhusu waendeshaji wa nchi tofauti kuficha maana ya ujumbe kwa kutumia msimbo wa siri, na desturi ya redio hii kila mahali ni uwazi. Yeyote mwenye redio na modemu anaweza kusoma kila kinachopita. Kwa hiyo jina la mgonjwa, ugonjwa wake, nambari ya kitambulisho, hali ya msichana aliyedhulumiwa, au mahali zilipo pesa za chama havifai kabisa kupitishwa hapo. "Mama mjamzito anahitaji gari, soko la Ishiara" inatosha. Jina lake litasemwa na wahudumu watakapofika.

Nne, si njia ya biashara. Chama cha ushirika cha kahawa kinachotaka kuwasiliana na malori yake, kampuni ya ulinzi, au sako ya bodaboda inahitaji leseni nyingine ya mtandao binafsi wa redio, wala si ya ridhaa.

JUA, UKUNGU NA BETRI

Kituo kilicho juu ya kilima kwa kawaida hakina stima. Hesabu yake si ngumu, na kikundi chochote kinaweza kuifanya kabla ya kuomba ufadhili.

Chukua redio ya volti 12. Ikisikiliza tu, hutumia takriban ampea 0.4. Kwa saa 24, hiyo ni karibu ampea-saa 10. Ikirusha kwa nguvu ya wati 25 hutumia takriban ampea 6. Tuseme kwa siku nzima muda wa kurusha ukijumlishwa unafika saa moja: ongeza ampea-saa 6. Jumla ni 16 kwa siku.

Hapa kwetu tatizo ni ukungu. Kati ya Juni na Agosti, miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya na vilele vya Nyambene vinaweza kukaa siku kadhaa bila jua la maana. Kwa hiyo betri ipangiwe siku tatu bila jua, yaani ampea-saa 48. Betri za kawaida za asidi huharibika mapema zikikaushwa, hivyo panga kutumia nusu tu ya uwezo wake. Utafika kwenye betri ya ampea-saa 100 hivi. Paneli ya sola ya wati 100 inaweza kutosha kuijaza hata katika siku za jua hafifu, mradi isimamishwe mahali pasipo na kivuli na ifutwe vumbi na kinyesi cha ndege. Ukungu wa kilele fulani ukizidi hapo, paneli ya pili ni kinga bora kuliko redio kubwa.

Antena yenyewe ni ndogo. Kwa masafa haya, ufito wa nusu mita hivi unatosha kwa kuanzia. Waya unaounganisha redio na antena uwe mfupi na wa ubora mzuri, kwa kuwa waya mrefu wa bei rahisi hupoteza nguvu nyingi kabla haijafika hewani. Na kwa kuwa mahali pa juu ndipo panapopigwa na radi, mlingoti lazima uunganishwe na ardhi kwa waya mnene wa shaba na fito za chuma zilizopigwa chini hadi kwenye udongo wenye unyevu. Kituo kisichokuwa na waya wa ardhi ni hatari kwa kila aliye karibu.

Kuna wanaouliza kuhusu afya. Nguvu ya wati 25 ni ndogo sana ikilinganishwa na ya kituo cha FM, na mawimbi haya si mionzi ya aina ya eksirei. Hata hivyo hakuna sababu ya mtu kushika antena inayorusha, kwani inaweza kumchoma. Iwekwe juu ya vichwa vya watu, na mahali pazungushiwe ua ili watoto na mifugo wasifike.

SHERIA INASEMA NINI

Katiba ya Kenya, katika Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kaunti jukumu la kuzima moto na kukabiliana na majanga. Mawasiliano ya simu na utangazaji yamebaki kwa serikali ya kitaifa. Maana yake ni kwamba kaunti inaweza kushirikiana na waendeshaji wa redio wakati wa janga, lakini haiwezi kumpa mtu ruhusa ya kurusha mawimbi. Mwakilishi wadi hawezi, chifu hawezi, na barua ya shule haitoshi.

Anayetoa leseni ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, CA, chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya mwaka 1998. Kurusha mawimbi bila leseni ni kosa la jinai. Vifaa pia lazima viwe vya aina iliyoidhinishwa na CA. Siku hizi redio za mkononi za bei nafuu zinauzwa madukani na mtandaoni. Kuweza kuinunua si ruhusa ya kuitumia. Baadhi ya redio hizo zinaweza kurusha kwenye masafa ya polisi, ndege au ambulensi, na anayebofya bila kujua anaweza kuziba mwito wa mtu anayeomba msaada.

Chama cha kitaifa cha waendeshaji ni Amateur Radio Society of Kenya, ambacho ni mwanachama wa muungano wa kimataifa wa waendeshaji wa ridhaa. Kikundi kinachoanza kingefanya vyema kuzungumza na chama hicho mapema, ili kujua masharti ya leseni yaliyopo sasa na kupata mtu mwenye tajriba wa kukiongoza.

Jambo la masafa nalo lisichukuliwe kwa kunakili kutoka nchi nyingine. Ulaya, APRS hutumia megahezi 144.800. Amerika Kaskazini ni 144.390. Hapa, fuata kilichoandikwa kwenye leseni yako.

Kisha kuna ardhi. Vilele vingi viko ndani ya misitu, na msitu una mwenyewe: Shirika la Huduma za Misitu la Kenya au serikali ya kaunti. Ruhusa yake hutangulia. Mlingoti mrefu unaweza kuhitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, na ujenzi unaweza kuhitaji tathmini ya NEMA. Mbali na maofisa, kuna wenye mahali. Kiang'ombe ni kilima chenye heshima ya kimila kwa Wambeere, na katika Meru hakuna anayepandisha kitu kipya mlimani akapata amani bila wazee kujua. Mazungumzo na wazee wa eneo, na na Njuri Ncheke inapohitajika, yafanyike kabla ya kuchimba shimo la kwanza.

TUNACHOJIFUNZA KWINGINEKO

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya barua pepe kufika kwetu kwa urahisi, shirika la SatelLife lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown wa Marekani liliwaunganisha wahudumu wa afya katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, kupitia mtandao ulioitwa HealthNet. Setelaiti ndogo ilipita juu ya kituo mara chache kwa siku, ikachukua barua kwa pakiti za redio, ikazihifadhi, kisha ikazishusha kwenye kituo kingine upande wa pili wa dunia. Moja ya setelaiti hizo, HealthSat-2, ilirushwa mwaka 1993. Ilikuwa njia ya polepole, lakini daktari aliyekuwa mbali na maktaba aliweza kuuliza swali na kupata jibu. Simu na intaneti zilipoenea, njia hiyo ilipoteza nafasi yake.

Desemba 2004, tsunami ilipopiga visiwa vya Andaman katika Bahari ya Hindi na kukata mawasiliano, waendeshaji wa ridhaa kutoka India waliokuwa mjini Port Blair kwa shughuli zao za kawaida ndio waliopeleka habari za watu waliosalimika kwa jamaa zao bara. Waliweza kwa sababu redio zao zilikuwa tayari zimesimamishwa na wao wenyewe walikuwa na mazoezi. Hawakuanza kusoma kitabu cha maelezo siku ya maafa.

Mwaka 2003, mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliongeza katika kanuni zake kifungu kinachozihimiza nchi kuwawezesha waendeshaji wa ridhaa kujiandaa kwa mawasiliano ya wakati wa janga. Neno lenye uzito hapo ni kujiandaa.

Kwa shule, lipo somo jepesi zaidi. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kina kifaa cha kupokezana pakiti kwenye megahezi 145.825, na hupita juu ya eneo letu la ikweta. Kusikiliza hakuhitaji mlingoti mrefu. Wanafunzi wenye redio ya kupokea, kompyuta na mwalimu mvumilivu wanaweza, kifaa hicho kikiwa kimewashwa, kusoma pakiti zinazopita angani na kuelewa fizikia ya mawimbi kwa macho yao. Klabu ya sayansi ikianza hivyo, mwendeshaji mwenye leseni wa kesho anapatikana.

NANI ATAKITUNZA?

Tunarudi kwenye jambo tulilolitaja mwanzoni. Kituo kilicho kilimani hakilalamiki. Panya akitafuna waya, betri ikiibwa, au maji yakiingia kwenye antena, kinanyamaza tu, na hakuna atakayejua hadi siku mto utakapofurika. Kituo cha namna hiyo kina madhara kuliko kutokuwepo, kwa sababu watu walikitegemea na hawakupanga njia nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kikundi kuandika barua ya kuomba vifaa, kijibu maswali haya kwa majina ya watu, siyo kwa ahadi:

Nani mwenye leseni, na akihama au akifariki nani atachukua nafasi yake? Wawe angalau wawili.

Nani atapanda kilimani kila mwezi kukaza nati, kufuta paneli na kupima betri? Nauli yake inatoka wapi?

Nani anayeishi karibu na kituo, na anafaidika vipi kukilinda? Mwenye shamba anayechajisha taa na simu kwa paneli ya ziada huwa mlinzi bora kuliko kufuli.

Nani atanunua betri mpya? Betri ya asidi ni kitu cha kuisha, hudumu miaka michache tu. Pesa zake zianze kuwekwa mwezi wa kwanza, kama akina mama wa chama wanavyoweka.

Kila wiki, siku na saa ile ile, nani atatuma ujumbe wa majaribio kutoka kila kituo, na nani ataandika kwenye daftari kama umefika? Daftari hilo ndilo ushahidi kwamba kituo kiko hai.

Na mwisho, ujumbe ukifika, nani yuko upande wa pili? Ujumbe wa daraja lililofurika hauna faida ukitua kwenye kompyuta ya ofisi iliyofungwa. Lazima kuwe na mtu aliye zamu, mwenye njia ya kumfikia dereva wa ambulensi, afisa wa majanga au kituo cha polisi.

Kikundi kinachoweza kuyajibu maswali hayo kinaweza kuanza kidogo: waendeshaji wawili wenye leseni, bonde moja, kilima kimoja chenye barabara ya kufika, na mwaka mzima wa kujaribu kila wiki kabla ya kumwambia mwananchi yeyote akitegemee. Kikishindwa kuyajibu, ni afadhali kingoje.

Hadi hapo, na hata baada ya hapo, simu inabaki kuwa njia ya kwanza. Ukipatwa na dharura piga 999 au 112, au Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kwa 1199. Weka simu yako na chaji mvua zinapoanza, andika nambari muhimu kwenye karatasi, na mkubaliane nyumbani mtakutana wapi mtandao ukipotea. Wanaotaka kuendelea na jambo la redio waanze na CA kwa leseni, wazungumze na chama cha waendeshaji, kisha waje kwa idara ya kaunti inayoshughulikia majanga wakiwa na majina ya watunzaji mkononi.